"Kwenu Mnakulaje?": Kuamua Ugomvi wa Sheria Katika Bao

Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha walimu na wanafunzi wenzetu kisa tulichosimuliwa na mwanafunzi wetu mmoja aliyekulia Dzaleka. Dzaleka ni makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1994 katika Wilaya ya Dowa nchini Malawi, kiasi cha kilomita 40 kutoka Lilongwe. Wengi wa wakazi wake wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha.

Jioni moja mzee wa kutoka Uvira alikuwa akicheza bao na kijana Mnyarwanda. Kete ya mwisho ya kijana ikaangukia shimo lenye kete katika mstari wake wa mbele. Akachota kete za mzee katika shimo lililomkabili, kisha akachota na za shimo la nyuma yake. Mzee akaufunika ubao kwa kiganja: "Unaiba!" Kijana akajibu: "Siibi, mzee. Kwetu ndivyo tunavyokula." Watazamaji wakagawanyika, na mchezo ukawa ugomvi wa majirani.

Nani alikuwa na haki? Kila mmoja alikuwa sahihi kwa sheria ya kwao. Ubao wa mashimo 32 katika mistari minne, wenye kete 64, huchezewa bao la Kiswahili, igisoro ya Rwanda, omweso ya Uganda na bawo ya Malawi. Ubao unafanana, ila sheria si zilezile. Katika bao la Kiswahili huliwa kete za mstari wa mbele tu. Katika igisoro na omweso, mashimo mawili ya mpinzani yanayokabiliana na kete ya mwisho, yote yakiwa na kete, huliwa kwa pamoja.

Mzee mwingine, Mrundi, aliyekuwa akitazama tu, aliombwa aamue. Hakuuliza nani mwongo. Aliuliza maswali matatu kwa zamu:

1. Kabla ya mkono huu, kete zilikuwa wapi?
2. Mlikubaliana kucheza kwa sheria ipi?
3. Kama hamkukubaliana, mlianzaje?

Swali la tatu ndilo lililomaliza kazi. Walikuwa wameanza kwa kunamua, kila mmoja akiwa na kete 22 mkononi. Huo ni mwanzo wa bao la Kiswahili. Katika igisoro kete zote huwa ubaoni tangu awali. Basi kete zikarudishwa, mkono ukarudiwa kwa sheria ya bao, na mchezo uliofuata ukachezwa kwa sheria ya kijana.

Sasa tutazame lugha. Kitenzi "kukubaliana" kina kiambishi -an- cha kutendana, kwa hiyo kinawadai wachezaji wote wawili. Yakishindikana hayo, huja "kuamuliwa", na hapo anahitajika mtu wa tatu. Tukumbuke pia kwamba "kuamua" ni kukata shauri na vilevile ni kuwatenganisha wanaopigana. Mwamuzi mzuri hufanya yote mawili.

Pengine msomaji atasema kwamba sheria zikiandikwa, ugomvi utakwisha. Sivyo. Michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kama Dungeons & Dragons iliyochapishwa Marekani mwaka 1974, ina vitabu vizima vya sheria, na bado huwekwa msimamizi wa kuamua papo hapo. Desturi ya wengi ni mchezo uendelee, na mabishano yasubiri mwisho.

Tunapendekeza zoezi lifuatalo darasani. Wanafunzi wakae watatu watatu: wachezaji wawili na mwamuzi mmoja. Wagombee mkono mmoja wa bao, bila kutumia maneno "mwizi" na "mwongo". Kila mmoja atunge angalau sentensi moja ya masharti, kwa mfano: "Tungekubaliana mapema, tusingegombana." Mwalimu asisahihishe sarufi hadi uamuzi utolewe.

Mwanafunzi wetu siku hizi yupo Lilongwe na hucheza bawo na Wamalawi chini ya mti. Anatuambia kwamba kabla ya kugusa kete huamkia kwanza, kisha huuliza swali moja: "Kwenu mnakulaje?" Tangu aanze kuuliza hivyo, hajaitwa mwizi.