Majina ya Hedhi na Elimu ya Msichana

Katika mambo ambayo lugha huyafunika kwa adabu, hedhi ina nafasi ya mbele. Tangu pwani ya Afrika ya Mashariki hadi Lubumbashi, ni nadra msemaji wa Kiswahili kuitaja kwa jina lake mbele ya watu. Husemwa kwamba mwanamke yuko katika siku zake, au kwamba ameingia mwezini. Semi hizi ni tasfida. Zinalinda heshima ya msemaji na ya msikilizaji. Lakini tasfida humfaa yule tu ambaye amekwisha kulijua jambo lenyewe. Msichana wa miaka 11 au 12 anayeambiwa kwamba siku zake zitafika hajaelezwa kitu. Zikifika kweli, huona damu, naye hufikiri kwamba amejeruhiwa au ameshikwa na ugonjwa wa siri. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo, na kuonyesha yale yanayofaa kufundishia.

1. Maneno yanayofunika

Neno la kwanza ni mwezi. Ni neno zuri, lakini hesabu yake hudanganya. Msichana aliyefundishwa kwamba damu huja mara moja kwa mwezi huifuata kalenda. Akianza tarehe 3 Machi, na mzunguko wake ukiwa wa siku 28, ataona damu tena tarehe 31 Machi, yaani mara mbili katika mwezi mmoja. Hakuna kosa lolote katika mwili wake. Kosa limo katika maelezo aliyopewa. Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku inayotangulia damu nyingine. Kwa mtu mzima huchukua siku 21 hadi 35; kwa msichana, katika miaka ya kwanza, unaweza kufika hata siku 45.

Usemi wa pili ni kuvunja ungo, ambao Kiswahili cha pwani hutumia kwa hedhi ya kwanza. Asiyeuzoea huweza kudhani kwamba kuna kitu kilichovunjika mwilini, au kwamba msichana amepoteza ubikira. Hedhi ya kwanza haina uhusiano na ubikira hata kidogo.

Yako pia maneno yanayodhuru moja kwa moja, kama vile kuiita hedhi ugonjwa au uchafu. La kwanza huleta hofu, la pili huleta aibu. Kwa hiyo wasichana wengi wa shule katika miji yetu hukimbilia neno la Kifaransa, règles. Neno hilo halina aibu masikioni mwao, lakini halina maelezo pia: darasani règle ni kanuni ya sarufi, au kipande cha mti cha kupigia mistari.

2. Maneno yanayofundisha

Kiswahili hakina upungufu. Hedhi, neno lenye asili ya Kiarabu, lina heshima na maana moja tu. Mji wa mimba hutenganisha kiungo cha uzazi na tumbo la chakula, ambavyo mazungumzo ya kila siku huvichanganya. Yai linaeleweka na wote. Ovari, kiungo kinachotunza mayai, ni neno la kukopa lililokwisha kuzoeleka.

Kwa maneno hayo manne somo lote huwezekana. Katika kila mzunguko, ovari huachilia yai moja. Wakati huo mji wa mimba hutayarisha ndani yake utando laini wenye damu, ili mimba ikitungwa ipate mahali pa kukaa. Mimba isipotungwa, utando hubomoka na kutoka pamoja na damu, kwa muda wa siku 2 hadi 7. Damu yenyewe kwa wastani ni mililita 30 hadi 40, kama vijiko vikubwa viwili au vitatu. Maumivu hutokana na mji wa mimba unaojikaza ili kuutoa utando huo. Tena, yai huachiliwa kabla ya damu kuonekana. Ndiyo sababu msichana anaweza kushika mimba hata kabla ya hedhi yake ya kwanza. Hakuna tasfida inayoweza kumpa onyo hilo.

3. Jando la kike na darasa

Watu wa zamani hawakumwacha msichana peke yake. Pwani kulikuwa na unyago, na somo au kungwi wa kumwongoza mwari. Kwa Wabemba, wanaokaa Zambia na pia Katanga ya Juu, kulikuwa na chisungu. Audrey Richards aliishuhudia mwaka wa 1931, akaiandikia kitabu kilichotoka mwaka wa 1956. Alionyesha kwamba wasichana walifundishwa kwa nyimbo na sanamu za udongo, na kwamba kusudi kubwa lilikuwa kumfunga mwari kwa wajibu wa mke, kuliko kumpa habari mpya. Mafunzo hayo yalimpa msichana watu wa kumsindikiza. Maelezo ya mwili ni kazi ya darasa, na wavulana wanapaswa kuyasikia pia, kwa kuwa dhihaka zao humfanya msichana abaki nyumbani.

4. Neno lililofichwa, kitambaa kilichofichwa

Anayeona haya kutaja hedhi huona haya pia kuanika kitambaa chake. Hukificha chini ya kitanda, kikabaki na unyevu, kisha hukivaa tena. Kitambaa hufuliwa kwa sabuni na maji safi, hukaushwa juani kabisa, na hubadilishwa kila baada ya saa chache. Vivyo hivyo, asiyekuwa na neno hawezi kueleza hatari. Damu inayozidi siku 7, inayolowesha kitambaa kila saa, iliyokatika miezi mitatu, au isiyoonekana hadi miaka 15, inahitaji kupelekwa kituo cha afya. Huko muuguzi atauliza, na msichana lazima awe na lugha ya kujibu.

Kwa kumaliza, hakuna haja ya kuzifukuza tasfida. Zibaki sebuleni, mahali pake. Lakini mama, shangazi na mwalimu wanapoketi na msichana ili kumfundisha, waanze na jina lenyewe, tena kabla ya damu ya kwanza. Adabu itafuata baadaye, na itakuwa adabu ya mtu anayejua anachokisitiri.