Ndege Ndogo na Mlima Mkubwa

Kila mtu amekwisha kuona ndege ikipita juu sana, ndogo kama mbu, ikiacha mstari mweupe nyuma yake. Ndege hiyo ni kubwa. Ndani yake wamo watu mia na zaidi, nao wana haraka ya kufika mbali. Lakini iko ndege ya namna nyingine, yenye motere moja na viti vinne tu. Hiyo haina haraka. Wageni hupanda humo si kwa kwenda mji mwingine, bali kwa kutazama nchi. Hupaa, huzunguka saa moja hivi, kisha hurudi pale pale walipotoka.

Mlima mmoja unaotazamwa namna hiyo ni Kilimanjaro, katika nchi ya Tanzania. Ni mlima mrefu kuliko yote ya Afrika. Kilele chake kikubwa huitwa Kibo, nacho kina urefu wa metre 5,895. Upande wa mashariki yake kiko kilele cha pili, Mawenzi, chenye metre 5,149. Chini ya mlima, upande wa kusini, uko mji wa Moshi.

1. Kabla ya kupaa

Rubani, yaani mwendesha ndege, huamka kabla ya jua. Kwanza huizunguka ndege yake kwa miguu. Hushika mabawa, hutazama magurudumu, hupima mafuta ya motere. Huteka esanse kidogo kutoka tangini na kuitia katika kikombe cha kioo, apate kuona kama imechanganyika na maji. Maji kidogo tu yaweza kuzimisha motere angani, na angani hakuna mahali pa kusimama kando ya njia.

Kisha hufanya hesabu ya uzito. Aina moja ya ndege ya Cessna 172 hairuhusiwi kupaa ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,111. Yenyewe, bila mtu, ina uzito wa kilo 760 hivi. Basi inabaki nafasi ya kilo 350. Tangi zikijaa, esanse ni kama kilo 150. Zinabaki kilo 200 kwa ajili ya watu na mizigo yao. Watu watatu wenye kilo 70 kila mmoja ni kilo 210. Hesabu imekwisha kupita! Kwa hiyo, ingawa viti ni vinne, mara nyingi rubani hawezi kuchukua watu wazima wanne pamoja na tangi zilizojaa. Lazima apunguze watu au apunguze esanse. Lakini esanse nayo haipunguzwi ovyo: lazima itoshe safari nzima, na ibaki akiba. Rubani mwema haoni haya kumwambia tajiri, «Bwana, sanduku lako litabaki hapa.»

2. Hewa ya juu ni nyembamba

Je, ndege nzito huinukaje? Motere huzungusha panga lililo mbele, nalo huivuta ndege ikimbie. Ikikimbia, mabawa yake husukuma hewa kwenda chini, na hewa nayo husukuma mabawa kwenda juu. Anayeogelea hufanya vivyo hivyo: husukuma maji nyuma, na maji humpeleka mbele.

Lakini hewa si sawa mahali pote. Chini hewa ni nzito. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyembamba. Kwenye urefu wa metre 5,500, nguvu ya hewa ni nusu tu ya ile ya pwani. Hapo mabawa hayapati hewa ya kutosha ya kusukuma, wala motere haipati hewa ya kutosha ya kuchoma esanse. Ndege hupanda polepole, halafu polepole zaidi, mwisho haipandi tena. Ndege ndogo ya viti vinne hufika metre 4,000 na kidogo tu. Yaweza kuupita mlima wa moto Nyiragongo, karibu na Goma, wenye metre 3,470. Lakini haiwezi kukipita kilele cha Kibo. Basi haipiti juu ya kilele, bali huzunguka ubavuni.

Tena hewa nyembamba humdhuru mtu. Kwenye urefu wa zaidi ya metre 3,000 akili ya rubani yaweza kuanza kuchoka, naye asijue. Mtu mwenye kiu hujua kwamba ana kiu. Mtu aliyepungukiwa na hewa mara nyingi hucheka na kujiona mzima kabisa. Kwa sababu hiyo marubani wamewekewa sheria: asiye na hewa ya chupa asikae juu sana.

3. Yanayoonekana

Ndege huondoka asubuhi, hewa ikiwa bado baridi na tulivu. Kwanza mashamba ya Wachagga hupita chini: migomba, na katikati yake mikahawa. Kutoka juu huonekana kama mkeka uliosukwa kwa majani. Juu ya mashamba unakuja mwitu mnene, mweusi kwa unyevu, unaouzunguka mlima kama mshipi. Juu ya mwitu miti hupungua, kisha hubaki vichaka vifupi, kisha mawe na mchanga. Mwisho kabisa, barafu. Kila metre 1,000 ndege inapopanda, baridi huongezeka kwa digri 6 hivi. Mgeni aliyetoka jasho kiwanjani sasa anatafuta koti.

Atembeaye kwa miguu huhitaji siku kadhaa ili apite sehemu hizo zote, tena huona moja moja: akiwa mwituni haoni barafu, akiwa kwenye barafu mara nyingi mawingu humfichia mwitu. Aliye katika ndege huziona zote pamoja. Huona jinsi mito inavyoanzia. Watu wengi hudhani kwamba maji ya Wachagga hutoka kwenye barafu. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji hutoka mwituni, kwa kuwa mwitu hunasa mvua na ukungu, na kuyaachilia maji polepole mpaka mitoni. Na mahali moto ulipochoma vichaka na miti, huonekana kutoka juu kama doa katika nguo. Hakuna awezaye kulificha.

4. Mlima haufanyiwi mchezo

Jua likipanda, mlima hubadilika. Miteremko hupata joto, na hewa yenye unyevu huanza kupanda juu. Ikipanda hupoa, na ikipoa hugeuka wingu. Asubuhi kilele kilikuwa wazi. Baada ya saa chache hakionekani tena. Upepo nao ukivuka mgongo wa mlima humwagika upande wa pili kama maji juu ya jiwe. Ndege ndogo ikiingia hapo huvutwa chini, hata kama motere yake inafanya kazi kwa nguvu zote.

Kwa hiyo rubani mwenye akili hauendei mgongo wa mlima uso kwa uso. Huukaribia kwa upande, ili aweze kugeuka upesi. Haingii katika bonde jembamba asilolijua. Na akiona wingu linafunga njia, hurudi, hata kama wageni wamelipa fedha nyingi na bado hawajaiona barafu. Wengine hununa. Yeye huwaacha wanune.

Mwezi wa Novemba mwaka 2008, ndege ndogo yenye watalii wanne kutoka Italia ilianguka mlimani, karibu na Mawenzi. Watalii wote wanne walikufa. Rubani peke yake alipona. Walikuwa wamekwenda kutazama tu, kama watu waendavyo kutembea siku ya mapumziko. Mlima haubagui kati ya mtu wa kazi na mtu wa matembezi. Hewa ina sheria zake, nazo ni zile zile kwa wote.

5. Picha za mwaka 1930

Nani aliruka kwanza juu ya Kibo? Ni Walter Mittelholzer, rubani wa nchi ya Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1894. Tarehe 8 Januari 1930 alipita juu ya kilele kwa ndege yenye motere tatu, yenye nguvu kupita ndege ndogo za viti vinne. Alichukua kamera pamoja naye. Katika picha zake linaonekana shimo kubwa la duara lililo juu ya Kibo, kwa maana Kilimanjaro ni mlima wa moto uliolala. Inaonekana pia barafu, nene na pana, ikiteremka ubavuni. Mittelholzer alifariki mwaka 1937, lakini picha zake zimehifadhiwa mjini Zürich hata leo.

Picha hizo ni shahidi. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipimwa, ikaonekana kuwa na eneo la kilometre za mraba 12. Ilipopimwa tena mwaka 2007, hazikubaki hata 2. Katika kila sehemu 100 za barafu, 85 zilikuwa zimekwisha. Wataalamu wanaeleza kwamba hewa ya mlima imekuwa kavu kuliko zamani, hata theluji mpya haitoshi kulipa ile inayopotea. Tena joto la dunia linaongezeka. Anayeuzunguka mlima kwa ndege sasa huona vipande vya barafu mahali ambapo Mittelholzer aliona blanketi.

Basi matembezi ya angani si mchezo wa matajiri peke yake. Mtu wa kijijini hujua shamba lake, mwindaji hujua njia zake, mpanda mlima hujua jiwe analolikanyaga. Aliye juu huona jinsi shamba, mwitu, mto na barafu vilivyofungamana. Akirudi chini salama, na akisema kweli juu ya aliyoyaona, safari yake imewafaa na wengine.

Maswali

1. Kwa nini rubani hutia esanse katika kikombe cha kioo?
2. Ndege ina nafasi ya kilo 350. Imetiwa esanse ya kilo 90. Je, yaweza kuchukua watu wanne wenye kilo 65 kila mmoja? Na begi la kilo 5 je?
3. Kwa nini ndege ndogo haipiti juu ya kilele cha Kibo?
4. Maji ya Wachagga hutoka hasa wapi?
5. Wageni wamenuna kwa sababu rubani amerudi kabla ya kuiona barafu. Utawaambia nini?