Vijana wa mtoni wapo, shida ni kwamba tunawaita wezi

Oktoba 2010, kijana mmoja wa Uingereza mwenye miaka 28 alimleta mpenziwe hadi Ziwa Rutundu, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, akamvisha pete. Ndiyo, Prince William na Kate Middleton. Hadithi ya pete kila mtu anaijua. Kile ambacho wengi huruka ni kwamba wawili hao pia walijaribu kuvua samaki pale ziwani wakatoka mikono mitupu, na Kate akaliandika hilo kwenye kitabu cha wageni.

Nimewataja kwa sababu moja tu: hao ndio vijana maarufu wa mwisho ninaowakumbuka wakihangaikia trauti kwenye milima yetu. Tembea kando ya Chania, Gura, Thego au Naro Moru siku ya Jumamosi ukimtafuta mtu anayevua kwa nzi bandia. Ukibahatika kumpata, mwite guka bila wasiwasi. Ni nadra sana utakosea.

Kama hujawahi kuuona mchezo huu, usidhani ni ile stori ya kutumbukiza ndoana yenye mnyoo kisha ukae kwenye simu. Ndoana hapa ni ndogo kama punje ya mchele, nayo imevishwa manyoya na uzi ifanane na mdudu. Haina uzito wowote, kwa hiyo huwezi kuirusha kama jiwe. Unachorusha ni mshipi wenyewe, mzito kiasi, unaoupeleka nyuma na mbele hewani mpaka unyooke, halafu nzi anatua juu ya maji polepole kama mdudu aliyechoka. Trauti hukaa akiangalia maji yanakotoka, akingoja chakula kiletwe na mkondo. Kwa hiyo unamjia kutoka nyuma, umeinama, kivuli chako kisiguse maji. Ukikanyaga jiwe vibaya, amekwenda. Na kwa sababu uko ndani ya msitu, huku ukimvizia samaki, kuna uwezekano nyati naye anakuangalia wewe. Niambie kama kuna mchezo wa kwenye simu unaokupa hiyo.

Trauti si mwenyeji hapa. Waliletwa mwaka wa 1905 na Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo. Alitoa mayai ya samaki hao Loch Leven, Uskoti, na mto wa kwanza kuwapokea ulikuwa Gura, kule Aberdare. Wale wengine wenye mstari wa waridi ubavuni walifuata baadaye kutoka Afrika Kusini. Mwaka wa 1948 serikali ya kikoloni ikajenga kituo cha kuzalisha trauti pale Kiganjo, kilomita chache kutoka mjini Nyeri, ili vifaranga wapatikane wa kujaza mito. Mzee Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyemalizia maisha yake Outspan na kufa Januari 1941, alikuwa mvuvi sugu wa trauti.

Sasa jiulize, babu yako alikuwa wapi wakati huo? Kama alikuwa mtu wa Nyeri, mtoni alifika akibeba mkoba wa mzungu, ama hakufika kabisa. Miaka ya Hali ya Hatari, msitu wa Aberdare na ule wa Mlima Kenya ilitangazwa maeneo marufuku, na kijana wa Kikuyu aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi. Familia zilifundisha watoto wao kukaa mbali na huko juu. Halafu leo mtu anakaa kwenye veranda ya klabu na kushangaa kwa nini vijana wa hapa hawakurithi mchezo huu. Wangeurithi kutoka kwa nani?

Waliourithi ni wachache: maofisa wa serikali walioanza kuvua baada ya Uhuru, walimu wawili watatu, na wale wabeba mikoba. Hao wa mwisho ndio wanaojua mito hasa. Mmoja wao nilimpata Kiganjo. Alianza akiwa mvulana, akilipwa senti za kubeba neti ya wageni, na leo anaweza kukuambia ni kidimbwi gani cha Thego kilichozibwa na mawe baada ya mvua gani. Nilimuuliza, “Guka, umemfundisha nani haya yote?” Akacheka. Watoto wake wako Nairobi, mmoja yuko Qatar. “Wajukuu wananiuliza samaki ni pesa ngapi,” akasema.

Kuna kisingizio kimoja kinachonichosha: ati watu wa hapa hawali samaki, kwa hiyo hawawezi kuvua. Kweli, Wakikuyu wa zamani hawakula samaki. Lakini mwaka wa 2009 serikali ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila eneobunge kati ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa, Nyeri ikiwemo, na siku hizi tilapia inakaangwa mjini bila mtu kushtuka. Pale Burguret, kati ya Naro Moru na Nanyuki, kuna mkahawa umejengwa juu ya mti wa mugumo na wasee wanatoka Nairobi kuja kula trauti tu. Isitoshe, desturi ya mchezo wenyewe ni kumrudisha samaki majini mara nyingi. Tumbo halihusiki hapa.

Na tena si kweli kwamba vijana hawavui. Wanavua! Nenda kando ya mto jioni shule zikifungwa utawaona: fimbo ya mti, uzi wa nailoni, ndoana, mnyoo. Wanajua mahali samaki anapolala. Wanajua kuinama. Wanajua kukimbia pia, kwa sababu hawana leseni na mtu akiwaona anawafukuza. Mchezo unaolia kwamba hauna damu changa una wavulana wa miaka 12 wanaoufanya kila wiki, na jina lao rasmi ni wezi.

Uingereza kwenyewe, ambako mchezo huu ulitoka, wavuvi wamezeeka na leseni zinazouzwa zimepungua. Angalau wao walifanya kitu: tangu 2017, kijana wa miaka 13 hadi 16 kule England hupewa leseni bure, na aliye chini ya 13 haihitaji. Hapa kwetu kijana wa Kiganjo akitaka kuvua kihalali sehemu nzuri za juu, atafute leseni, alipie kuingia msituni au mbugani, apate ufito, rili na mshipi maalum, na usafiri wa kumpeleka hadi juu kule. Akimaliza hesabu hiyo atanunua mpira. Mimi pia ningenunua mpira.

Kinachouma zaidi ni wale nzi bandia. Kenya ni mojawapo ya nchi zinazowatengeneza kwa wingi duniani. Fulling Mill, jina kubwa la Uingereza katika biashara hiyo, hufungisha nzi wake hapa hapa Kenya. Mikono ya Wakenya hufunga unyoya kwenye ndoana, moja baada ya nyingine, siku nzima, kisha nzi hao husafiri hadi Uskoti na Montana. Wengi wa hao mafundi hawajawahi kumwona trauti akimpanda nzi waliyemfunga. Tuna samaki, tuna mito, tuna hata vifaa vinavyotoka mikononi mwetu, na bado tunauita mchezo wa wazungu.

Unaweza kuuliza, si basi ufe tu? Michezo mingapi imekufa na dunia inaendelea. Ningekubali, kama si maji. Trauti hawezi maji ya moto wala maji machafu. Mto ukipata joto au tope, yeye ndiye wa kwanza kuondoka. Mito inayoshuka upande wa Nanyuki, kama Burguret na Likii, hunywewa sana na mashamba wakati wa kiangazi kabla ya kufika Ewaso Ng’iro, na ugomvi wa maji huko si jambo geni. Vyama vya watumiaji maji, vilivyotambuliwa na sheria ya 2002, hukaa kugawana kiasi. Lakini mtu anayesimama ndani ya mto ule ule, mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, na kuona kwamba jiwe lililokuwa limefunikwa sasa liko nje, ni mvuvi. Guka wa Kiganjo alinionyesha kwa kiganja mahali maji yalifika zamani. Sikuona alama yoyote pale. Iko kichwani mwake tu, na ana zaidi ya miaka 70.

Kwa maoni yangu leseni ya vijana iwe bure, na wale wavulana wa minyoo ndio waanze kupewa. Wazee kama huyu walipwe kuwafundisha, hata kama ni Jumamosi mbili kwa mwezi. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kiko hapo hapo Nyeri kikiwa na hifadhi yake ya wanyama. Klabu ya wavuvi ingewagharimu nini?

Na kuna Februari. Kila mwaka, karibu na tarehe 22, maskauti hujaa Nyeri kulitembelea kaburi la Baden-Powell. Wanaimba, wanapiga picha, wanarudi kwenye mabasi. Mto Chania uko chini ya mji tu. Guka anasema hajawahi kuitwa hata mara moja awaonyeshe kile yule mzee alichokuwa akifanya Jumamosi. Ana fito mbili, moja imezungushiwa utepe katikati pale ilipovunjika, na asubuhi nyingi utampata Thego, juu kidogo ya daraja.