Fahamu: Kwa nini kadi za alama za besiboli za zamani zinatunzwa kama dhahabu

Wapo watu Marekani ambao wakiona karatasi kuukuu yenye alama za penseli, hawaitupi. Wanaitafuta, wanainunua, wanaifungia kabatini. Karatasi hiyo ni kadi ya alama ya mchezo wa besiboli, na mwenzake ni kijitabu cha mechi kinachouzwa uwanjani. Katika makala hii tunaeleza kadi hizo ni nini, na kwa nini zina thamani.

Ilianzaje?

Besiboli huchezwa na timu mbili, kila moja wachezaji tisa. Mmoja anarusha mpira, mpinzani anaupiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne.

Zamani jezi hazikuwa na namba, kwa hiyo aliyekaa mbali hakumjua mchezaji. Timu ya New York Yankees ilianza kuvaa namba mgongoni moja kwa moja mwaka 1929. Kabla ya hapo, ukitaka kujua nani ni nani ulinunua kadi yenye majina, mara nyingi kwa senti 5 au 10. Mhamiaji kutoka Uingereza, Harry M. Stevens, alianza kwa kuuza kadi hizo Ohio katika miaka ya 1880, na baadaye akajenga biashara kubwa ya kuuza vyakula na vijitabu viwanjani.

Mtazamaji anageuka mwandishi

Kadi ina majina upande mmoja na visanduku vitupu upande wa pili. Mtazamaji anavijaza mwenyewe mchezo ukiendelea. Kila nafasi uwanjani ina namba: mrushaji ni 1, mdakaji aliye nyuma ya mpigaji ni 2, na kuendelea hadi 9. Ukiona 6-4-3, maana yake mchezaji wa nafasi ya 6 aliokota mpira, akampa wa 4, naye akampa wa 3, na wapinzani wawili wakatolewa.

Herufi K inaonyesha mpigaji aliyeshindwa na mrushaji. Aliyeieneza ni mwandishi wa habari Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza. Herufi S ilikuwa na kazi nyingine, hivyo akachukua herufi ya mwisho ya neno la Kiingereza struck. Anayejua alama hizi anaweza kuisoma mechi ya miaka 80 iliyopita kama vile anaisikiliza redioni.

Thamani inatoka wapi?

Kwanza, uhaba. Wengi walizitupa wakitoka uwanjani. Kijitabu cha fainali ya kwanza ya World Series, ya mwaka 1903 kati ya Boston na Pittsburgh, kimewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 200,000. Kadi nyingi nyingine ni za bei ya kawaida.

Pili, ushahidi. Katika fainali za zamani, mara nyingi timu mwenyeji iliuza kijitabu kilekile kwa mechi zake zote za nyumbani. Tarehe 8 Oktoba 1956, Don Larsen wa Yankees aliwatoa wapigaji wote 27 wa Brooklyn Dodgers bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Penseli ya mtazamaji ndiyo inayoonyesha kuwa kijitabu kilikuwapo siku ile.

Majina yaliyokaribia kupotea

Hapa ndipo jambo hili linapozidi kuwa la kujifurahisha. Hadi Jackie Robinson alipoingia Dodgers mwaka 1947, wachezaji Weusi walikuwa wamefungiwa nje ya ligi kuu kwa miongo mingi. Walicheza katika ligi zao wenyewe, na magazeti makubwa ya Wazungu mara nyingi hayakuziandika mechi zao.

Watafiti wamelazimika kuzijenga upya kumbukumbu hizo kutoka magazeti ya Weusi na karatasi za alama zilizosalia. Mwaka 2024 takwimu hizo ziliingizwa rasmi katika rekodi za ligi kuu. Josh Gibson akawa kinara wa wapigaji wa wakati wote: mafanikio 372 kwa kila majaribio 1,000. Yeye mwenyewe alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Robinson hajafunguliwa mlango. Mechi ambayo hakuna aliyeiandika, au karatasi yake ilipotea, haimo kwenye hesabu hiyo.

Zinatunzwaje?

Karatasi za zamani hugeuka njano na kukatika zikipata jua, joto na unyevu. Wakusanyaji huzilaza bapa, mahali pakavu na penye giza, ndani ya mifuko angavu isiyo na kemikali. Hawazibandiki kwa gundi wala selotepu, na hawafuti penseli. Mnunuzi pia hujihadhari na nakala zilizochapwa upya zikauzwa kama za kale.

Mchezo huu si mgeni kwetu kabisa: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League huko Pennsylvania.

Nawe msikilizaji, kama una ratiba ya ligi ya kata au daftari la mabao la timu ya kijiji, usiliwashie moto. Andika kwa penseli tarehe, uwanja na majina kamili ya wachezaji, kisha liweke pakavu, mbali na mchwa na panya.