Je, Wajua? Muuaji wa Turbo Mara Nyingi Yuko Nje ya Turbo

Gari lililoongezwa nguvu likianza kutoa moshi wa buluu na kupiga mlio wa king'ora kila dereva anapokanyaga mafuta, hukumu gereji hutolewa upesi: turbo imekufa, tafuta nyingine. Nyingine inatafutwa, inafungwa, na haimalizi hata mwezi. Fedha imekwenda na ugonjwa bado upo. Sidhani kama kuna kipuri cha injini kinachosingiziwa kuliko hiki, maana madhara huonekana kwake ilhali kosa limefanyika kwingine.

Je, wajua kwamba katika turbo nyingi shafti haikai juu ya chuma bali juu ya oili? Injini ya petroli ya gari dogo huishia mizunguko 7,000 hivi kwa dakika. Turbo yake hufika 200,000, na zile ndogo hupita hapo. Hiyo ni zaidi ya mizunguko 3,000 kwa sekunde moja, shafti ikielea ndani ya beringi juu ya utando wa oili wenye unene wa sehemu chache za mia za milimita. Mwisho mmoja wa shafti una feni inayosukumwa na moshi ambao joto lake huweza kukaribia nyuzi 1,000. Mwisho wa pili, umbali wa kiganja tu, kuna feni ya aluminiamu inayovuta hewa ya nje na kuisukumia injini. Oili ndiyo inayobeba shafti hiyo na ndiyo inayoipoza. Ikikosekana kwa sekunde chache gari likiwa mbioni, chuma kinakutana na chuma.

Wazo lenyewe la turbo ni la zamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipewa hataza yake mwaka 1905, na magari ya kwanza ya abiria yenye turbo, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder, yakauzwa Marekani mwaka 1962. Renault walipoipeleka kwenye mashindano ya Formula One mwaka 1977, gari lao liliharibika na kufuka moshi mara nyingi hata likabandikwa jina la Buli la Manjano. Hawakuiacha. Walichunguza kila ilipowashinda, na tarehe 1 Julai 1979 Jean-Pierre Jabouille alishinda na gari la Renault huko Dijon, Ufaransa, ushindi wa kwanza wa turbo katika mashindano hayo.

Sasa turudi gereji, kwenye kitu kidogo kinachoua turbo nyingi mpya: silikoni. Fundi anayetaka kazi isivuje huipaka pande zote mbili za gasketi ya bomba linaloleta oili. Bomba likikazwa, silikoni iliyozidi hujikunja kwa ndani, mahali ambapo hakuna anayeiona. Oili ya moto inailainisha, kipande kinakatika, kinakwenda kukwama kwenye tundu lenye upana wa milimita chache tu. Turbo inakufa kwa kiu huku injini ina oili tele. Watengenezaji wa turbo wanaikataza kabisa silikoni kwenye mabomba ya oili. Gasketi kavu, mpya, inatosha.

Wenye Subaru wana mtego wao. Katika injini kadhaa za Subaru zenye turbo, boliti inayoshika bomba la oili ina wavu mdogo wa kuchujia ndani yake. Oili iliyocheleweshwa kubadilishwa hugeuka tope, wavu unaziba, na taa ya oili kwenye dashibodi haiwaki, kwa kuwa injini yenyewe bado inapata presha yake. Wamiliki wengi hubadilisha turbo bila kujua kwamba wavu huo upo.

Je, wajua kwamba sili za turbo si mpira? Ni pete za chuma, zinafanana na ringi za pistoni, na zinategemea presha ya hewa na ya moshi ili oili isipenye. Ndiyo maana moshi wa buluu peke yake si ushahidi kwamba turbo imechakaa. Oili huingia kwenye turbo kwa nguvu ya pampu, lakini hutoka kwa uzito wake tu, ikishuka kwenye sampu. Mtu akifunga egzosi kubwa na kulipinda bomba la kushushia oili ili kupata nafasi, oili inakosa njia, inajaa, na kupenya kwenye sili nzima kabisa. Matokeo ni yaleyale iwapo ringi za pistoni zimechoka na presha imejaa chini ya injini, au mpira wa kupumulia umeziba. Hapo unaweza kufunga turbo tatu mfululizo na zote zikatoa moshi. Dawa ni kunyoosha bomba, kuzibua mpira, au kuikabili injini yenyewe.

Wenzetu wa nyanda za juu wanapaswa kujua jambo jingine. Mombasa, usawa wa bahari, presha ya hewa ni takriban kilopaskali 101. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, hubaki kama 82. Programu ya injini ikidai kilopaskali 200, turbo ya Mombasa itaikandamiza hewa iliyoivuta mara mbili hivi, lakini ya Nairobi itaikandamiza mara 2.4. Njia pekee ya kufanya hivyo ni kuzunguka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo gari lililopangwa pwani, tena likawekwa karibu na kikomo chake, likipanda bara linaweza kuipitisha turbo kasi iliyoundiwa. Alama yake hubaki mgongoni mwa feni ya hewa: chuma kilichokuwa laini hupata vipele na mikunjo.

Na je, wajua kwamba turbo nyingine za Japani zina feni ya kauri? Nissan waliitumia kwenye Skyline GT-R ya 1989. Toyota waliiweka kwenye injini ya kwanza ya 1JZ-GTE, iliyofungwa kwenye Mark II na Chaser za kasi. Supra ya 1993 iliyouzwa Japani ilikuwa na kauri, ile iliyouzwa Marekani na Ulaya ilikuwa na chuma. Sisi hununua magari yaliyotumika Japani, kwa hiyo inayotufikia ni ya kauri. Kauri ni nyepesi na huchangamka mapema, lakini haipendi presha iliyozidishwa. Kijana anapandisha presha, gari linapaa kwa muda, kisha siku moja nguvu inapotea ghafla kwa sababu feni imekatika na vipande vyake viko kwenye egzosi. Ukiwa na injini ya namna hiyo, ama iache kama ilivyotoka kiwandani, ama ubadilishe turbo kabla ya kugusa presha.

Milipuko ya egzosi inayowafurahisha wengi nayo ina gharama. Kwenye mashindano ya magari, mafuta huachwa yawakie nje ya silinda, karibu na turbo, ili feni isipunguze kasi dereva anapoachia pedali. Joto lake hula feni na beringi. Timu ya mashindano inalijua hilo na ina turbo nyingine kwenye gari la huduma. Mtu wa kawaida hana.

Isidhaniwe kwamba turbo ni dhaifu kwa asili. Toyota Celica yenye turbo ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo, katika vumbi na joto lile, na Mkenya Ian Duncan akashinda na Celica Turbo mwaka 1994.

Wenye dizeli, someni hapa polepole. Sili za turbo zikiachia kabisa, injini ya dizeli inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe. Itapanda kasi bila pedali kuguswa, na ukizima swichi haitazimika, kwa sababu haihitaji tena mafuta ya tangi wala umeme. Gari la gia za mkono: kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu, achia klachi ili injini isongwe. Gari la otomatiki linahitaji kunyimwa hewa, na hilo hufanywa kwa kuziba njia ya hewa kwa ubao mgumu. Usitumie mkono wala kitambaa. Ukishindwa, kaa mbali, kwa sababu injini inaweza kupasuka.

Je, wajua kwamba turbo iliyokufa inasomeka? Ing'oe, ishike mkononi, ivute shafti mbele na nyuma. Mchezo wa pembeni kidogo ni wa kawaida, wa mbele na nyuma haupaswi kuhisiwa. Shafti iliyobadilika rangi kuwa ya buluu au nyeusi imekosa oili. Yenye michirizi imepewa oili chafu. Mapanga ya feni ya hewa yaliyomegeka yamegongwa na kitu kilichoingia, labda nati au kipande cha filta. Yaliyonolewa na vumbi yanasema filta ya hewa ilivuja au iliondolewa. Na kama turbo nzima iko salama lakini gari halina nguvu na linatoa moshi mweusi, pulizia maji ya sabuni kwenye mabomba ya hewa yakiwa na presha. Mapovu yatakuonyesha mpira uliopasuka, nao bei yake haikaribii ya turbo.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usikubali turbo ya zamani itupwe kabla hujaiona, na usikubali mpya ifungwe kabla fundi hajakueleza ile ya kwanza ilikufa kwa nini. Akishakueleza, badilisha oili na filta, safisha mabomba, mimina oili safi ndani ya turbo kwa mkono, kisha piga stata bila kuwasha injini mpaka oili ionekane ikishuka kwenye bomba la kutokea. Ndipo uwashe.