Ukitafuta Utulivu Ufaransa, Usihesabu Nyota

Mtajie mwanafunzi wa Kifaransa katika shule zetu nchi ya Ufaransa, naye atakutajia Paris. Mwombe aongeze la pili, atakutajia mnara wa Eiffel, ambao nao uko papo hapo Paris. Halaumiki. Vitabu vya kiada vimemzungusha katika jiji hilo tangu somo la kwanza, vikamwingiza mikahawani na kumpandisha treni za chini ya ardhi, hata akadhani kwamba nchi nzima ni barabara za lami na maduka ya manukato. Wafaransa wenyewe, kinyume chake, ifikapo Julai hulihama jiji hilo kwa maelfu, na wengi wao, wakiwemo watu wenye kazi nzuri na nyumba nzuri, huenda mashambani kulala kwenye hema.

Nchi hiyo ina viwanja vya kambi zaidi ya 7,000. Kwa mwalimu au mwanafunzi wetu anayebahatika kufika huko kwa masomo ya lugha, akiwa na mfuko mwembamba na hamu ya kuwasikia watu wakizungumza lugha yao ya kila siku, kambi ni makao ya bei nafuu kuliko hoteli, tena ni darasa. Lakini ni kambi ipi? Hapo ndipo wageni wengi hupotea. Huchukua kitabu cha mwongozo, wakatafuta kiwanja chenye nyota nyingi, wakalipa, kisha wakajikuta usiku wa manane wakisikiliza muziki wa dansi kutoka baa iliyo karibu na bwawa la kuogelea. Mtu aliyefuata utulivu wa shamba amenunua kelele za mji, na amezinunua ghali.

Ili kufahamu jinsi ya kuchagua, yafaa kwanza tuelewe viwanja hivi vilitoka wapi. Mnamo Juni 1936, serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria iliyompa kila mwajiriwa wiki mbili za likizo huku akilipwa mshahara wake. Kabla ya hapo, likizo kwa mfanyakazi wa kiwandani ilikuwa jina jingine la kukosa kazi. Léo Lagrange, aliyesimamia michezo na mapumziko katika serikali hiyo, alihimiza tiketi ya treni iliyopunguzwa bei kwa asilimia 40, na familia ambazo hazikuwa zimewahi kuiona bahari zikafunga safari. Wiki ya tatu iliongezwa mwaka wa 1956, ya nne mwaka wa 1969, na ya tano mwaka wa 1982. Watu hao wote walihitaji mahali pa kulala, na mishahara yao haikuruhusu hoteli. Ndipo halmashauri za vijiji zikatenga viwanja, aghalabu kando ya mto au nyuma ya uwanja wa mpira, zikajenga vyoo na mabafu, zikaweka mtu wa kupokea ada ndogo jioni. Kiwanja cha namna hii huitwa "camping municipal", yaani kambi ya halmashauri, na maneno hayo mawili kwenye kibao cha njiani ni habari njema kwa mtu mwenye fedha chache.

Walimu, kama ilivyo desturi yao kila mahali, hawakungoja kutafutiwa. Mwaka wa 1937 walimu wa Ufaransa waliunda chama chao cha wapiga kambi, Groupement des Campeurs Universitaires, ambacho kingali hai. Viwanja vyake huendeshwa na wanachama wenyewe kwa kujitolea, kila mmoja akichukua sehemu yake ya kazi. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, maana walimu wetu wamezoea kuungana kwa ajili ya mishahara na mikopo, lakini ni nadra kusikia wameungana kwa ajili ya kupumzika.

Turudi kwenye nyota. Tangu sheria ya mwaka wa 2009 ilipobadilisha utaratibu, viwanja vya kambi hupangwa kuanzia nyota 1 hadi 5, na cheo hudumu miaka 5. Nyota hizo hupimwa kwa vitu vinavyohesabika: ukubwa wa nafasi ya hema, idadi na hali ya mabafu, saa ambazo ofisi ya mapokezi huwa wazi, lugha wanazozijua wahudumu, michezo na burudani. Utulivu hauhesabiki, kwa hiyo haumo katika hesabu. La ajabu ni kwamba mambo yanayoongeza nyota ndiyo hayo hayo yanayoongeza kelele. Bwawa lenye maporomoko ya kuteleza huleta watoto mia wanaopiga mayowe. Ukumbi wa burudani huleta vipaza sauti. Isitoshe, kuomba nyota ni hiari. Kiwanja kisicho na nyota hata moja huenda hakina kasoro yoyote ila mwenyewe hakuona haja ya kupimwa.

Kuna neno jingine kwenye kibao ambalo wageni hulipuuza. Kiwanja kilichopewa daraja huandikwa ama "tourisme" ama "loisirs". Cha kwanza ni kile ambacho zaidi ya nusu ya nafasi zake hukodishwa kwa wapita njia, kwa usiku mmoja, juma moja au mwezi. Cha pili ni kile ambacho nafasi zake nyingi zimeshikwa na watu wanaokaa muda mrefu, na karavani zao zimegeuka nyumba zenye maua mlangoni. Si wabaya watu hao, lakini wamekwisha kujuana, na mgeni mwenye hema dogo huwa kama mtu aliyeingia kwenye arusi asiyoalikwa.

Kwa maoni yangu, anayetaka utulivu wa kweli na ashuke chini ya ngazi, asipande. Atafute kile kinachoitwa "aire naturelle", kiwanja ambacho kwa kanuni hakizidi nafasi 30 na hakifunguliwi zaidi ya miezi 6 kwa mwaka. Hapo vifaa ni vichache: maji, vyoo, bafu, na nyasi. Au ashuke zaidi, atafute kambi ya shambani, "camping à la ferme", ambapo mkulima huruhusiwa kupokea hadi hema 6 au watu 20 kwa kutoa taarifa tu katika ofisi ya meya. Mkulima huyo hana mtumishi wa burudani. Ana ng'ombe wa kukamua, na akikaa kuzungumza nawe jioni, utajifunza Kifaransa ambacho hakimo katika kamusi yoyote ya shule.

Hata hivyo, tusidanganyane juu ya maana ya utulivu. Shamba si chumba cha wagonjwa. Ngano ikiiva mnamo Julai, mashine za kuvunia hufanya kazi hadi usiku kukwepa mvua. Kengele ya kanisa hulia kila saa, na katika vijiji vingi huirudia saa ile ile mara ya pili baada ya kitambo kidogo, kwa ajili ya waliokosa kuhesabu mara ya kwanza. Jogoo huwika. Na juu ya jogoo Wafaransa wamefikishana mahakamani. Katika kisiwa cha Oléron, watu waliokuwa na nyumba ya likizo walimshtaki mwenye jogoo aitwaye Maurice, wakisema kuwa anawaamsha alfajiri. Mnamo Septemba 2019, mahakama ya Rochefort iliamua kwamba jogoo ana haki ya kuwika, na walalamishi wakaamriwa kumlipa mwenye jogoo fidia ya euro 1,000. Bunge nalo halikunyamaza. Sheria ya Januari 2021 ilitambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa nchi. Kwa hiyo mgeni anayelalamika juu ya njuga za ng'ombe au harufu ya samadi ajue kwamba analalamikia urithi wa taifa.

Majira ndiyo yanayoharibu mipango ya wengi wetu. Likizo yetu ya Agosti huangukia wakati ambapo Ufaransa nzima iko barabarani. Shule zao hufungwa mapema Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na mwishoni mwa Julai wanaorudi hupishana na wanaokwenda, misururu ya magari ikajaza mamia ya kilomita. Hata kijiji kidogo kinacholala mwaka mzima huwa na sherehe yake ya kiangazi, yenye muziki uwanjani na fataki, na sherehe nyingi huangukia siku zinazozunguka tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Mwenye nafasi ya kuchagua na aende Juni au Septemba. Asiye na nafasi na angoje angalau tarehe 20 Agosti ipite.

Asiyeweza kuchagua majira anaweza kuchagua mahali. Korongo la mto Ardèche, karibu na daraja la mwamba liitwalo Pont d'Arc, ni pazuri ajabu, na kwa sababu hiyo hiyo mto wake hujaa mitumbwi ya kukodi kiangazi chote. Panda milima kuelekea magharibi hadi Lozère, mkoa wenye watu wachache kuliko yote katika Ufaransa ya bara, usiofikisha wakazi 80,000. Ndiko alikopita mwandishi Mskoti Robert Louis Stevenson mwaka wa 1878 akiwa na punda aliyemwita Modestine, kwa muda wa siku 12, akilala pengine katika nyumba za wageni na pengine nje katika mfuko aliojishonesha mwenyewe. Nyanda hizo sasa zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Cévennes, iliyoanzishwa mwaka wa 1970, na mwaka wa 2018 hifadhi hiyo ilitambuliwa kimataifa kwa giza la anga lake. Huko nyota zinahesabika bure.

Je, si rahisi zaidi kupiga hema popote panapopendeza, bila kumlipa mtu? Sheria ya Ufaransa hairuhusu jambo hilo ufukweni mwa bahari, wala karibu na majengo ya kihistoria yanayolindwa, wala karibu na vyanzo vya maji ya kunywa. Kwingineko kunahitaji idhini ya mwenye ardhi, na meya anaweza kuongeza makatazo yake. Lakini sababu iliyo nzito kuliko sheria ni maji. Jioni ya tarehe 14 Julai 1987, mvua ya radi iliujaza ghafla mto Borne katika milima ya Alps, ukafagia kambi ya Le Grand-Bornand na kuua watu zaidi ya 20. Mwaka wa 1996 mambo kama hayo yakatokea Biescas, upande wa Uhispania wa milima ya Pyrénées, wakafa watu 87. Kambi zote mbili zilikuwa mahali ambapo mtazamaji angeapa kuwa ni salama na patulivu. Tangu mwaka wa 1994, viwanja vya Ufaransa vilivyo katika maeneo ya hatari hutakiwa kuwa na maagizo ya tahadhari na njia za kuhamisha watu. Ukipewa karatasi hiyo unapofika, isome kabla ya kufungua hema. Kijito kinachonong'ona kando ya mto wako wa kulalia hakikupi ahadi yoyote.

Liko jambo moja linalonisikitisha. Halmashauri nyingi ndogo zimeshindwa kuzitengeneza kambi zao, zikaziuza au kuzikodisha kwa makampuni. Kampuni hung'oa sehemu ya nyasi, ikapanga vijumba vya kukodi, ikachimba bwawa, bei ikapanda mara kadhaa. Sisemi kampuni imekosa, inafanya biashara. Lakini kiwanja kilichotengwa ili mfanyakazi wa mshahara mdogo naye apate wiki mbili kando ya mto kinageuka mahali ambapo mfanyakazi huyo hawezi kulipia wiki moja. Haki iliyopatikana mwaka wa 1936 haijafutwa na sheria yoyote. Inaponyoka kiwanja kimoja kimoja, kila halmashauri inapotia sahihi yake.

Mwalimu wa Kifaransa anayetafuta zoezi la insha kwa kidato cha nne anaweza kuwaagiza wanafunzi wamwandikie barua karani wa kijiji. Waulize kiwanja ni mali ya nani na kina nafasi ngapi. Ni ngapi za hema na ngapi za vijumba. Waulize umbali wa reli na barabara kuu, kama magari huzuiwa kuingia baada ya saa nne za usiku, kama mto umewahi kufurika, na sherehe ya kijiji ni tarehe gani. Mwanafunzi mwenye usingizi mwepesi aongeze swali moja juu ya kengele.