Hadithi ya Mango katika gemu: inavyoandikwa, na ruhusa inayohitajika

Vijana wengi wa Bungoma hucheza gemu kwenye simu zao, na wachache wao wameanza kujiuliza jinsi ya kuzitengeneza. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili Novemba 2015, kinafundisha masomo ya kompyuta kando ya barabara ya Bungoma–Chwele. Hata hivyo, kuandika programu ni sehemu moja tu ya kazi. Lazima mtu aandike hadithi, na hadithi ikitoka kwa jamii, kuna sheria inayohusika.

Hadithi yenye njia nyingi

Mwandishi wa kitabu huamua mhusika atafanya nini. Katika gemu, anayeamua ni mchezaji. Kwa hiyo mwandishi huandaa njia kadhaa na matokeo ya kila moja.

Chukua hadithi ya Mango, inayojulikana sana miongoni mwa Wabukusu. Nyoka mkubwa aitwaye Yabebe alikuwa akiua watu. Mango alimvizia kwenye pango lake huko Mwiala, akamkata kichwa. Kwa ushujaa huo alitahiriwa na majirani wa Kikalenjin, ambao Wabukusu huwaita Barwa, na masimulizi yanaeleza kuwa hapo ndipo tohara ilipata nguvu upya katika jamii.

Msimulizi huenda moja kwa moja hadi nyoka anapokufa. Mwandishi wa gemu husimama njiani na kuuliza: je, Mango aende peke yake au atafute wenzake? Asubiri ndani ya pango au nje? Akishindwa, anarudia pale pale au kijiji kinapoteza mtu mwingine?

Hapa wanaoanza hukwama. Hadithi yenye maamuzi 10, kila moja likiwa na njia mbili zisizokutana tena, inahitaji miisho 1,024. Hakuna mtu wa kuiandika yote. Suluhisho ni kuziacha njia zigawanyike kisha zikutane tena, huku programu ikikumbuka alichochagua mchezaji. Mango akimdharau mzee mwanzoni, bado atafika pangoni, ila mzee huyo hatakuja kumsaidia.

Kazi hii inaweza kuanza kwa kalamu na daftari. Baadaye, programu ya Twine, ambayo hailipiwi, humwezesha mwandishi kuunganisha vipande vya hadithi na kuvijaribu hata kama hajasomea kompyuta.

Waliotangulia

Mwaka 2015, Mkenya Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, gemu inayohusu viumbe wa anga wanaovamia Nairobi. Mwaka uliofuata, kampuni ya Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion, iliyojengwa juu ya masimulizi ya Kiafrika. Kazi hizo zinaonyesha kwamba mhusika wa gemu si lazima atoke Marekani au Japani.

Mali ya nani?

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda maandishi, picha, muziki na programu ya kompyuta. Ulinzi huo hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wazo lililo kichwani halilindwi, kwa hiyo liandike. Kazi inaweza kusajiliwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa hakimiliki ya kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa kwa kawaida huwa ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine.

Hadithi ya Mango, hata hivyo, haina mwandishi mmoja. Inaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni ya mwaka 2016. Sheria hiyo inatofautisha matumizi ya kimila ya wanajamii wenyewe na matumizi ya kibiashara nje ya mila. Anayetaka kufanya biashara na masimulizi ya jamii anatakiwa kupata idhini ya jamii kabla ya kuanza, kutaja asili yake, na kukubaliana nayo kuhusu mgawo wa faida. Sheria hiyo pia inazipa serikali za kaunti jukumu la kukusanya na kusajili maarifa na masimulizi ya jamii zilizo katika maeneo yao.

Hili si jambo dogo. Simulizi ambalo halijaandikwa popote ni rahisi kwa kampuni ya mbali kulichukua, kulibadilisha na kuliuza, na wenyewe wakakosa ushahidi wa kuonyesha. Pia si kila sehemu ya tohara inafaa kuonyeshwa kwenye skrini. Wazee ndio wanaojua mipaka.

Cha kufanya

• Andika muhtasari wa hadithi katika ukurasa mmoja.
• Kaa na wazee, usikilize zaidi ya msimulizi mmoja, na uandike jina la aliyesimulia na tarehe.
• Omba idhini kwa maandishi kabla ya kuchora picha ya kwanza, na uulize idara ya utamaduni ya kaunti kuhusu usajili.
• Sajili hati yako mwenyewe kabla ya kuionyesha kwa mnunuzi.